Je, Wajua? Makaa, Moshi na Nyama Choma

Je, wajua kwamba mchomaji hodari hutambulika kabla hata nyama haijagusa wavu? Haweki kitu jikoni mkaa ukiwa bado unatoa ndimi. Husubiri makaa yavae jivu jepesi, moshi mchungu wa mwanzo uishe, kaa lenyewe libaki na joto tulivu linalopita nyuzi 500 za Selsiasi. Mengi utakayoyasoma hapa chini yanarudi palepale: kuchoma ni kazi ya umbali na muda. Ukubwa wa moto ni mbwembwe tu.

JIKONI

Je, wajua kwamba kiganja chako ni kipimajoto? Kiweke kama sentimita 10 juu ya wavu, uhesabu. Ukilazimika kukiondoa baada ya sekunde 2 au 3, joto ni kali, linafaa mishikaki na minofu myembamba. Sekunde 5 au 6 ni joto la wastani, la vipande vya kuku. Ukifika 8 hadi 10, weka mguu wa mbuzi uendelee na soga.

Kilo moja ya mkaa ina nishati inayokaribia mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu, kwa sababu maji na gesi nyingi za mti zimeshatoka na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Lakini kupata kilo hiyo kwenye tanuri la kienyeji huteketea kilo 5 hadi 10 za kuni. Anayemwaga mkaa nusu gunia kwa kilo mbili za nyama anachoma msitu pia.

Jiko lile lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo ndani, lilianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliolibuni waliazima wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Udongo huzuia joto lisipotelee pembeni, basi mkaa mchache hufanya kazi kubwa.

Vifuu vya nazi, ambavyo Pwani huwashiwa moto bila kufikiriwa mara mbili, hutoa mkaa mgumu wenye joto kali. Mkaa huohuo wa vifuu, ukishatengenezwa maalumu viwandani, ndio unaotiwa kwenye vichujio vya maji na barakoa za kuzuia gesi.

Nchini Marekani, mkaa wa briketi ulipata umaarufu kupitia magari. Katika miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na mabaki mengi ya mbao kutoka kwenye utengenezaji wa magari yake huko Michigan, akaamua kuyageuza mkaa na kuuza. Jiko la mviringo lenye mfuniko nalo lilizaliwa mwaka 1952, pale George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma karibu na Chicago, alipokata boya la chuma vipande viwili. Mfuniko huzuia upepo na hupunguza hewa, kwa hiyo mafuta yanayodondoka hayalipuki ndimi ovyo.

KWENYE WAVU

Je, wajua kwamba ile rangi ya hudhurungi na harufu inayovuta majirani ina jina la Mfaransa? Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912: protini na sukari zikikutana na joto kali huzaa mamia ya ladha mpya. Mambo hayo hushika kasi kwenye nyuzi 140 hivi, wakati maji hayapiti 100. Ndiyo sababu nyama iliyolowa hupauka badala ya kuiva rangi. Ifute kwa kitambaa safi kwanza.

Maji mekundu yanayotoka kwenye nyama si damu. Karibu damu yote hutoka mnyama anapochinjwa. Unachokiona ni maji yaliyochanganyika na mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli.

Mbuzi ana mafuta machache sana katikati ya nyuzi za nyama. Mengi hukaa kuzunguka figo na matumbo. Ukimsogeza karibu na moto kama unavyofanya kwa ng'ombe aliyenona, atakauka kabla hajalainika. Wachomaji wa mbuzi humwinua juu ya makaa, humgeuza mara kwa mara na kumrashia maji ya chumvi.

Chumvi ina saa zake. Dakika chache baada ya kuinyunyiza, huvuta maji hadi juu ya nyama. Ukichoma wakati huo, umeweka nyama mbichi iliyolowa. Ipe kuanzia dakika 40 na maji yale hurudi ndani yakiwa na chumvi yake. La sivyo, tia chumvi nyama ikiwa inaelekea moja kwa moja kwenye wavu.

Papai bichi linalopakwa kwenye mishikaki lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata protini vipande vipande. Papai likiiva, nguvu hiyo hupungua sana. Nanasi lina bromelaini na tangawizi ina chake. Tahadhari: nyama ikilala usiku kucha ndani ya papai, asubuhi utakuta uji. Nanasi la kopo halilainishi chochote, kwa kuwa joto la kiwandani limeshaua kimeng'enya.

Mshikaki wa chuma huivisha pande mbili: moto huchoma nje, chuma hupeleka joto katikati. Vijiti vya mianzi havina uwezo huo na huungua ncha, ndiyo maana hulowekwa majini nusu saa kwanza.

Kidari na mbavu za ng'ombe zimejaa kolajeni, ile kamba nyeupe inayochosha meno. Kuanzia nyuzi 70 hivi huanza kuyeyuka na kuwa ulaini wa kunatanata, ila huhitaji saa nyingi. Wachomaji wa Texas huiacha nyama ya kidari kwenye moshi mchana kutwa hadi ndani ifike nyuzi 90 na zaidi. Njiani joto la nyama hukwama saa kadhaa karibu na nyuzi 70. Jiko halijaharibika. Nyama inatoa jasho, na jasho likikauka huipoza.

Ile duara ya waridi chini ya ngozi ya nyama iliyokaa kwenye moshi haimaanishi ubichi. Ni gesi za moto zilizoshikana na mayoglobini na kuizuia isibadilike rangi.

KWENYE MOSHI

Je, wajua kwamba moshi ni dawa ya kuhifadhi? Una fenoli na fomaldehidi zinazozuia bakteria na kuchelewesha mafuta ya samaki kuchacha, huku joto likiondoa maji. Kwa njia hiyo kambale na sangara wa kubanika hustahimili safari ndefu hadi masoko ya mbali na ziwa, mahali ambapo barafu ni ndoto.

Harufu ya moshi hutoka hasa kwenye lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Kwa hiyo kuni ngumu na kavu hutoa moshi mwembamba wenye ladha. Msonobari una utomvu mwingi, huleta masizi na uchungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisikaribie chakula kabisa.

Pweza unayemkuta juu ya makaa Forodhani, Zanzibar, ana mioyo 3 na damu ya rangi ya samawati, kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma. Misuli yake ni migumu, ndiyo maana wavuvi humpigapiga juu ya mwamba na wapishi humchemsha kabla ya wavu. Kumgandisha kwenye friza husaidia pia: barafu hupasua nyuzi zake.

Samaki wa kupaka huchomwa mara mbili. Kwanza huiva mtupu na viungo vyake, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju na kurudishwa jikoni. Tui likitangulia, huungua kabla samaki hajaiva.

KUTOKA SHAMBANI

Je, wajua kwamba kiazi kitamu kilichofukiwa kwenye majivu ya moto ni kitamu kuliko kilichochemshwa haraka? Kati ya nyuzi 60 na 75, kimeng'enya kilichomo ndani yake hugeuza wanga kuwa sukari. Joto la polepole hukipa muda wa kufanya kazi hiyo.

Hindi bichi hufanya kinyume chake. Likishavunjwa, sukari yake huanza kugeuka wanga. Hindi la jana haliwezi kushindana na la leo, hata ulipake ndimu na pilipili kiasi gani.

Muhogo wa kuchoma unaotiwa pilipili na ndimu, kama ule wa ufukweni Mama Ngina, Mombasa, ni lazima uwe muhogo mtamu. Muhogo mchungu una kemikali zinazozaa sayanidi, na kuchoma peke yake hakuziondoi.

Pilipili ikikuzidi, maji hayatakuokoa. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Tafuta maziwa au mtindi.

KWA WENGINE

Je, wajua kwamba Wamaasai wana kambi ya nyama iitwayo olpul? Vijana huondoka bomani, huchinja porini na kukaa siku kadhaa wakila nyama choma na supu iliyochemshwa na magome na mizizi ya miti kama olkiloriti.

Oman, nchi ambayo Kiswahili kinazungumzwa na familia nyingi zenye asili ya Zanzibar, hupika shuwa wakati wa Idi. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani makavu ya migomba au mitende, hushushwa kwenye shimo lenye makaa, shimo hufukiwa, na watu hurudi baada ya siku moja au mbili.

Kigali na Bujumbura, brosheti ya mbuzi huja na ndizi za kuchoma. Afrika Kusini, Septemba 24 ni Siku ya Urithi, lakini wengi huiita siku ya kuchoma nyama, na Askofu Mkuu Desmond Tutu alikubali kuwa mlezi wa wazo hilo.

Kuchoma kuna umri mkubwa kuliko makabila yetu yote. Katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, kuna majivu na mifupa iliyoungua ya miaka milioni 1 hivi iliyopita.

KABLA HUJALA

Je, wajua kwamba nyama ya kusaga huhitaji joto kubwa kuliko kipande kizima? Bakteria hukaa juu ya nyama, na mashine huwasambaza hadi ndani. Ifikishe nyuzi 71, na kuku nyuzi 74. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kiive hadi katikati: mabuu ya minyoo tegu hayana mzaha. Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe iliyoiva.

Mafuta yakidondokea makaa, moshi unaopanda hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Sogeza mkaa pembeni, punguza mafuta, kata sehemu zilizoungua nyeusi. Kuloweka nyama kwenye viungo na ndimu hupunguza pia baadhi ya kemikali zinazotokana na joto kali.

Mvua ikikukuta uani, usiingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Afadhali nyama ilowe.

Na wahenga wakisema moto huzaa jivu, usilidharau jivu hilo. Lina potasiamu na kalisi zinazofaa bustani, na wakulima wamelichanganya na maharage na mahindi tangu zamani ili kuwazuia wadudu waharibifu. Ila limwagie maji kwanza na ulikoroge: makaa yaliyojificha chini yake huweza kuwa hai hadi kesho yake, na ndoo ya plastiki haijawahi kushinda shindano hilo.