Kutu ya Nyalenda Haitoki Ziwani

Gari likianza kutoa malengelenge chini ya rangi huku Nyalenda, mjini Kisumu, wa kwanza kushtakiwa ni ziwa. Ufuo wa Dunga uko karibu, upepo wa mchana unatoka majini, na kila mtu amesikia jinsi magari ya Mombasa yanavyoliwa. Hukumu hutolewa upesi: hewa ya ziwa ndiyo inayokula bati. Ziwa linaonewa. Mombasa kuna bahari, na upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi hadi ndani ya mitaa. Ziwa Victoria ni maji matamu. Upepo wake huleta unyevu usio na chumvi, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ushahidi mzuri uko katika ziwa jirani. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen karibu na Kigoma, Ziwa Tanganyika, ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mainjinia walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba na ikaendelea kubeba abiria kwa miongo mingi. Chuma kilichozuiliwa kugusana na maji na hewa kilibaki chuma, hata chini ya ziwa.

Kutu huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: chuma, maji na oksijeni. Bati likilowa, sehemu moja hutoa elektroni na nyingine huzipokea, na hapo mlango wa gari lako unakuwa betri ndogo isiyo na swichi ya kuzima. Chumvi ikiyeyuka katika maji hayo, umeme hupita kwa urahisi zaidi na kazi huenda mbio. Kutu yenyewe hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana huinua rangi na kufanya malengelenge. Tena ina vinyweleo, hivyo haiwi ngozi ya kulinda kilicho chini yake. Alumini nayo hushikwa na hewa, ila ganda lake hung'ang'ania na kufunga mlango. Kutu huuacha wazi.

Kwa hiyo kinachoamua ni muda ambao maji hukaa kwenye chuma. Gari lililonyeshewa kisha likakauka kwa jua la Kisumu ndani ya saa mbili halina hatari kubwa. Taabu ya Nyalenda ni kwamba chini ya gari hapakauki.

Mtaa huu uko bondeni. Mto Auji unapita ndani yake, mitaro mingi ni ya udongo, na udongo wenyewe ni ule mweusi unaonata, unaovimba ukinywa maji na kupasuka kiangazi. Ukirushwa na tairi hadi ndani ya madigadi, hushika hapo na kushikilia maji siku nyingi baada ya barabara kukauka. Juu ya hayo kuna misimu miwili ya mvua na ngurumo za alasiri zisizongoja msimu. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Dunga ilionja mafuriko. Gari lililoingiwa na maji hadi sakafuni huonekana zima likishaoshwa, lakini sponji iliyo chini ya zulia hukaa na maji kwa majuma. Sakafu huoza kutoka juu kwenda chini huku mwenye gari akikagua kutoka chini kwenda juu.

Milango ina hadithi yake. Watu wengi hudhani raba ya kioo inazuia maji yote yasiingie mlangoni. Haizuii, na waliolitengeneza gari walilijua hilo. Maji huteremka kando ya kioo, hupita ndani ya mlango, kisha hutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingo wa chini. Chini ya milango, ule ukingo unaokanyagwa wakati wa kuingia nao una vitundu vyake. Tope likiviziba, mlango unakuwa ndoo. Malengelenge unayoyaona nje, vidole viwili juu ya ukingo wa chini, yalianzia ndani zamani. Kipande cha waya laini na dakika kumi kila baada ya tope zito vingeokoa milango mingi kuliko rangi zote zinazopulizwa kando ya Ring Road.

Kuna pia kutu iliyokuja na gari. Kenya hairuhusu gari lililotumika liingizwe likiwa limezidi miaka minane, na mengi hutoka Japani. Kaskazini ya nchi hiyo, Hokkaido na maeneo ya theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kalsiamu kloridi ni mojawapo. Kemikali hii huvuta unyevu kutoka hewani. Ikikwama kwenye maungio ya chasisi, hewa nzito ya Kisumu huilowesha kila usiku bila tone la mvua. Hapo ndipo ziwa lina hatia kidogo: unyevu wake huamsha chumvi ya Hokkaido. Magari yanayotoka Uingereza, hasa Land Rover, yana historia ileile ya barabara zenye chumvi. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha mapema ukijua kuisoma: herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, na C ni bati lililoliwa. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo ameshakujibu.

Sasa fila. Fundi wa bodi aliye mwaminifu atakuambia kwamba fila ni ya kusawazisha bonde dogo kwenye bati zima. Haikuumbwa kuziba tundu. Fila ya kawaida hunywa unyevu, na ikibandikwa juu ya kutu huushikilia palepale ulipotakiwa kuondoka. Gari hutoka gereji liking'aa, mvua za masika hupita, na ufa mwembamba hujitokeza ukichora umbo la kiraka. Simlaumu fundi peke yake. Mteja anayedai gari kesho, kwa bei ya rangi tu, ndiye aliyeagiza fila.

Kazi ya kweli huanza kwa bisibisi. Gonga kwa mpini, kisha sukuma kwa ncha. Ikirudi sauti ya chuma na ncha isizame, kutu ni ya juujuu: brashi ya waya, msasa, kisha dawa yenye asidi ya fosforiki inayogeuza mabaki ya kutu kuwa ganda jeusi lililotulia. Ncha ikizama, dawa hiyo ni kupoteza pesa. Bati likatwe kwa grenda mpaka lionekane jeupe pande zote, hata kama tundu la sarafu litageuka tundu la sahani. Wateja hushtuka hapa na kudhani wanaharibiwa gari.

Bati la bodi huwa na unene wa karibu milimita 0.8, hivyo kiraka kiwe cha unene unaokaribiana nao. Wako wanaotumia kipande cha mabati ya kuezekea. Zinki yake ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Kama hakuna bati jingine, zinki ikwanguliwe kwanza pembezoni. Halafu linakuja jambo linalosahaulika karibu kila mahali. Moto wa kuchomelea huunguza rangi ya upande wa ndani, ule usioonekana. Fundi hupaka nje vizuri sana, na ndani huacha chuma kitupu kilichotoka motoni. Lazima nta au mafuta mazito yapulizwe kupitia vile vitundu, la sivyo kutu itaanza tena hapohapo penye mshono. Nje itangulie praima ya epoksi, kisha fila nyembamba, kisha rangi. Praima ya kawaida hupitisha maji. Gari lisizungushwe mjini nayo wiki nzima ya mvua likingoja pesa za rangi.

Wengi hupuliza oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari. Inafanya kazi kwa muda, kwa sababu ileile iliyookoa injini za Liemba. Lakini hulainisha raba za bushi, ikifika kwenye breki ni hatari, na mvua ya kwanza huisukuma hadi mtaroni, kutoka mtaroni hadi Auji, kisha ziwani katika Ghuba ya Winam, mahali ambapo samaki wa Dunga wanavuliwa. Grisi safi iliyopashwa moto ikalainika, au nta ya chasisi, hukaa muda mrefu zaidi. Ipakwe kiangazi, gari likiwa limeoshwa chini na kukauka kabisa. Ikipakwa juu ya tope imefungia maji ndani.

Kutu ya mlango, boneti au buti ni aibu tu, na Probox ya kubeba abiria inaweza kuishi nayo miaka. Pale ambapo kizuia mshtuko au springi hushikana na bodi, pale ambapo boliti za mikanda ya usalama zimefungwa, na kwenye chasisi ya pikapu, hesabu hubadilika, kwa sababu sehemu hizo ndizo zinazobeba watu wakati wa ajali. Hapo panahitaji chuma kipya kilichochomelewa na anayejua kazi. Kabla ya kutoa pesa, inua zulia, gonga sehemu hizo tatu kwa bisibisi, na ukikuta fila, liache gari hilo.