Mcheza Kwao Hutunzwa: Lakini Ni Nani Amtunzaye Mwimbaji wa Mlimani?

Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kila mkaazi wa Visiwani aliyepata kuhudhuria taarab anaielewa maana ya msemo huo bila ya kufasiriwa. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka kitini, akaenda taratibu hadi mbele ya jukwaa, akamtunza mwimbaji kwa fedha alizojaaliwa, kisha akarudi kukaa. Hapo bei huwa imelipwa, shukrani imetolewa na hadhara yote imeshuhudia. Katika njia zote za kuuza muziki zilizopata kubuniwa duniani, sidhani kama iko iliyo ya haki kuliko hiyo. Mashaka ya zama zetu ni kwamba msikilizaji na mwimbaji aghalabu hawako tena katika ukumbi mmoja.

Fikra hizi zilinijia nikiwa Lushoto, mkoani Tanga, katika milima ya Usambara. Wasomaji wengi wa Visiwani wanaijua milima hiyo kwa kabichi, karoti na viazi vyake tu. Mtu huiacha njia kuu pale Mombo, akapanda kwa kona nyingi zilizochongwa ubavuni mwa mlima, akapita Soni yenye maporomoko ya maji, hadi akafika mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Huko juu mna baridi ya kuvaa koti, na magulio yake huvutia watu kutoka vijiji vya mbali, kila mmoja akiwa na kikapu chake na haja yake.

Katika gulio mojawapo nilikiona kibanda ambacho hakikuuza mboga wala nguo. Kijana mmoja alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta iliyochakaa, na mbele yake wamejipanga watu wa rika zote. Kazi yake ni kuwawekea nyimbo katika memori kadi na flashi. Mzee aliyejifunga shuka alitoa redio ndogo ya mkononi, ile yenye tundu la kadi, akasema, "Mwanangu, nitilie zile za Tanga za zamani, na nyengine za Kisambaa." Baada yake alifuata mama mwenye kanga, akataka kaswida na taarab. Nyuma yao walisimama wanafunzi wawili wenye simu, waliotaka nyimbo zilizotoka wiki hiyo hiyo. Kila mmoja alihudumiwa kwa bei isiyozidi ile ya kikombe cha chai.

Nilikuwa nakaribia kukisifu kibanda kile kwa kuwakusanya babu na mjukuu mahali pamoja, pale kijana mwengine aliyesimama pembeni aliponinong'oneza, "Mzee wangu, huo unaolia sasa ni wimbo wangu." Alikuwa ameurekodi kwa fedha alizopata kwa kulima viazi misimu miwili. Nilipomuuliza mwenye kibanda wimbo ule ni wa nani, alitazama kioo cha kompyuta yake akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hajui. Hapakuwa na jina pale, ila nambari tu. Wimbo ulikuwa umefika gulioni kabla ya mwenyewe, ukauzwa mbele ya macho yake, na yeye hakupata hata shukrani.

Ndugu wasomaji, sikusimulia kisa hiki ili tumlaani mwenye kibanda. Yeye naye ni mwananchi anayejitafutia riziki ya halali kwa kadiri anavyoielewa, na lau kama si yeye, yule mzee mwenye shuka asingezisikia tena nyimbo za ujana wake. Nimekisimulia kwa sababu yule mwimbaji hakukaa akilia. Alinieleza namna alivyoamua kuuza muziki wake mwenyewe, bila ya kampuni wala tajiri wa mjini, na maelezo yake yana mafunzo kwa wasanii na kwa viongozi pia.

Alisema kwanza kwamba alikosea alipodhani wasikilizaji wote ni wamoja. Wazee hawanunui wimbo, hununua mtu. Wanataka kumwona mwimbaji, wamjue ni mtoto wa nani na ametoka kijiji gani, wamsikie akiimba kwa Kisambaa safi kisicho na mzaha. Basi kwa wazee huenda yeye mwenyewe, na gitaa lake, katika arusi na sherehe za mavuno, na anapomaliza huwauzia kadi zilizokwisha kujazwa nyimbo zake, zenye jina lake juu ya karatasi.

Watu wa makamo, yaani madereva, wafanyabiashara wa mboga na akina mama wenye mikahawa, hawana nafasi ya kukaa ngomani. Hao muziki huwakuta kazini. Kwa hiyo huwapa kadi madereva wa malori yanayoteremsha mboga kwenda Tanga na Dar es Salaam, na huwaomba jambo moja tu: abiria akiuliza wimbo huu ni wa nani, ajibiwe. Kwa njia hiyo Wasambaa waliokwenda mijini kufanya biashara ndogo ndogo wamemsikia, na baadhi yao wamempigia simu wakamwita katika arusi zao.

Vijana nao wana desturi yao. Wao hawatafuti wimbo mzima mwanzoni. Wanataka kipande kifupi cha kuchezea katika simu, na kikiwapendeza ndipo wanaufuata uliosalia. Basi huwatangulizia kiitikio, ambacho amekitunga kwa Kiswahili ili kieleweke na Mtanzania yeyote, ilhali beti zenyewe amezibakisha katika lugha ya mama. "Bibi hushika beti, mjukuu hushika kiitikio," alisema, "na wote wakikutana nyumbani wimbo unakamilika." Sijapata kusikia maelezo yaliyo mepesi kuliko hayo kuhusu soko la muziki na umri wa wasikilizaji.

Jambo hili si geni katika mwambao wetu. Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kumsikia Siti ilimbidi awe mahali alipo Siti. Baada ya hapo sauti yake iliweza kuingia katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona. Na aliyeandika wasifu wake alikuwa Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, mkoa huu huu wenye milima ya Usambara. Unguja na Tanga zimekuwa zikisikilizana tangu zamani.

Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanga ilikuwa na vilabu vya taarab kama Black Star na Lucky Star, vilivyoingiza magitaa katika fani hiyo na kuleta ladha mpya iliyowavutia vijana bila ya kuwafukuza wazee. Huko ndiko ilikovuma sauti ya marehemu Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016. Mji huo huo ulikuwa na bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Lakini hatuna budi kukumbuka pia kwamba ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walihamia Arusha na hatimaye, mwaka 1971, wakavuka mpaka kwenda Kenya, ambako jina la Simba Wanyika lilipata umaarufu mkubwa. Nairobi kulikuwa na makampuni ya santuri, na msanii, kama mkulima yeyote, hulifuata soko.

Kwa upande wetu, Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi tukufu ya kurekodi bendi na ngoma za kila pembe ya nchi. Kanda zake ni hazina ya taifa, na bila ya juhudi hiyo sehemu kubwa ya sauti za wazee wetu ingekwisha kupotea. Hata hivyo, ukweli ni amana. Wanamuziki wengi wa wakati ule walijulikana nchi nzima na wakazeeka katika ufukara. Tuliwapa heshima, lakini hatukuwajengea njia ya kupata ujira wa kudumu kutokana na jasho lao. Kada anayesema haya anasema kwa kukipenda chama chake, kwani kujikosoa ni sehemu ya wajibu wake.

Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 redio za watu binafsi zilifunguliwa, na kizazi kipya kikaja na muziki wake. Soko la kanda lilishikwa na wasambazaji wachache wa Kariakoo, huku kanda za wizi zikiuzwa hadharani. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa Bara mwaka 1999, na Zanzibar ikatunga yake mwaka 2003. COSOTA na COSOZA ni matunda ya sheria hizo. Kanda zikatoweka, zikaja sidii, nazo zikafifia, na leo wimbo hauna tena umbo la kushikika mkononi. Sheria ipo, ila kutoka ofisi za mjini hadi gulio la mlimani ni mwendo mrefu, na kona zake ni nyingi kuliko zile za Mombo.

Sasa tufanye nini? Naomba viongozi wanisamehe nikitoa rai chache.

Kwanza, maofisa utamaduni wa wilaya wawe na daftari la wasanii wao, lenye majina ya nyimbo na watungaji. Wimbo usio na jina la mwenyewe ni sawa na ng'ombe asiye na alama: yeyote aweza kumswaga. Msanii wa kijijini asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam ili aandikishe kazi yake. Afisa ndiye ateremke kwake siku ya gulio.

Pili, vibanda vya kuingiza nyimbo visifukuzwe kama wahalifu. Vipewe leseni nafuu kwa sharti la kuonyesha jina la mwimbaji, na sehemu ya mapato, hata ikiwa ndogo, imrudie mwenye kazi. Mwenye kibanda anayemjua mtungaji atakuwa wakala wake, na badala ya maadui wawili tutakuwa na washirika wawili.

Tatu, redio zetu za Bara na Visiwani zirejeshe ada njema ya kumtaja mtungaji, mwimbaji na mahali atokapo kila wimbo unapopigwa. Jambo hilo halina gharama yoyote, na kwa msanii asiye na kampuni ni tangazo lenye thamani kubwa.

Nne, katika skuli na katika maonyesho ya Nane Nane wasanii wa wilaya wapewe nafasi kabla ya kualikwa mabingwa wa mjini kwa malipo makubwa. Halmashauri inayotoa fedha nyingi kumleta mgeni wa saa moja, kisha ikamwambia mwenyeji aimbe bure kwa ajili ya uzalendo, haimfunzi mtu uzalendo.

Kwa ndugu zangu wa Unguja na Pemba, suala hili linatuhusu moja kwa moja. Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905 na jina lake liko hai hadi leo. Siri ya umri huo, kwa maoni yangu, ni kwamba klabu haikuwa kundi la wapigaji peke yao. Ilikuwa ni ukoo wa wapigaji na wasikilizaji, ambamo kijana alikaa karibu na mzee, akabeba ala, akasikiliza, na baadaye akapiga. Klabu ilikuza wasikilizaji wake wenyewe. Tangu mwaka 2002 Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifunza vijana ala hizo hizo, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limewaleta wageni kutoka nchi za mbali. Hayo ni mema. Lakini msikilizaji wa Makunduchi au Wete hujengwa nyumbani kwanza, na nyumba ambamo mjukuu hajui wimbo wowote wa bibi yake haitanunua wimbo huo kwa njia yoyote itakayobuniwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha neno kujitegemea. Hatukukusudia kwa neno hilo kwamba mtu aachwe peke yake. Mkulima anayejitegemea bado anahitaji barabara ya kupitishia mazao yake na mizani isiyomdhulumu. Msanii anayejitegemea anahitaji vivyo hivyo: njia ya kufikisha wimbo wake kwa mzee, kwa mtu wa makamo na kwa kijana, na mizani ya haki mwisho wa njia hiyo. Chuoni tulifunzwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la wengi katika hawa limekauka miaka mingi.

Kabla sijaondoka gulioni, yule mzee mwenye shuka alikuwa amekwisha kuwekewa nyimbo zake. Alipoambiwa kwamba kijana aliyesimama pembeni ndiye mwenye ule wimbo wa Kisambaa uliokuwa ukilia, alimtazama kwa muda. Kijana akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia marahaba, akamuuliza ni wa ukoo gani, akajibiwa. Ndipo akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akamtunza.