Harufu kali ya klorini si dalili ya usafi

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliniletea watoto wake wawili, macho mekundu na kikohozi kikavu. Jumapili walikuwa wameshinda ndani ya kidimbwi cha kuogelea cha nyumbani kwao. "Daktari, si maji," akaniambia. "Sisi hutia dawa nyingi, harufu unaisikia tangu langoni."

Msomaji, hapo ndipo wengi hukosea. Klorini iliyo tayari kuua viini haina harufu kali. Harufu ile ichomayo pua hutokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, ikageuka kuwa kemikali ziitwazo kloramini. Hizo ndizo huwasha macho na kusumbua kifua, hasa cha mwenye pumu. Kwa hivyo harufu ikizidi, jua kwamba klorini imelemewa na uchafu.

Utajuaje basi kwamba maji ni salama? Usitegemee pua wala macho. Nunua vijikaratasi vya kupimia maji, upime kabla ya watu kuingia. Klorini ambayo haijatumika iwe kati ya miligramu 1 na 3 katika kila lita. Kipimo cha pH, kionyeshacho hali ya asidi, kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Kikipanda zaidi, klorini hupungua nguvu. Jua nalo huimaliza klorini, hivyo ni vyema dawa itiwe jioni, watu wakiwa wametoka, na maji yapimwe tena asubuhi.

Klorini huua viini vingi kwa dakika chache. Hata hivyo, kipo kiini kiitwacho kriptosporidiamu, kiletacho kuhara, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku saba katika maji yenye klorini ya kutosha. Ndiyo sababu mtu anayeharisha asiingie kidimbwini hata kidogo. Wengine waoge kwanza, na watoto wapelekwe msalani kila baada ya saa moja.

Anayekutunzia kidimbwi naye umwelekeze. Asichanganye kamwe klorini na asidi, kwani hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Akiyeyusha dawa, aitie ndani ya maji, asimwage maji juu ya dawa. Avae glavu na miwani ya kukinga macho, na dawa zifungiwe mbali na watoto.

Mwisho, kama huoni sakafu ya kidimbwi waziwazi, asiingie mtu. Mtoto akizama katika maji ya ukungu hataonekana, na mara nyingi anayezama hapigi kelele.

Wale watoto wawili walipona baada ya siku chache bila dawa nyingi. Kilichohitaji matibabu ni kidimbwi chao.