Kwa Nini Barua ya Kibaha Ipitie Ulaya?

Mtu wa Kibaha akimwandikia jirani yake wa Kisarawe barua, hatazamii kwamba itapelekwa kwanza Ulaya, ndipo irudishwe Mkoa wa Pwani. Walakini habari zipitazo katika intaneti zaweza kufanya safari ya namna hiyo kila siku, wala mwenye kuzipeleka asijue. Napenda kueleza sababu zake, maana jambo hili lilitupata sisi walimu tulio katika chama kimoja cha akiba na mikopo, nami ndimi niliyekabidhiwa kazi ya kutunza kompyuta yake.

Hapo mwanzo hesabu za chama zilikuwa katika kompyuta tuliyoikodi Ulaya, kwa kuwa kodi yake ilikuwa nafuu. Mwanachama wa Kisarawe alipotaka kujua akiba yake, swali lake lilitoka katika simu yake, likafika Dar es Salaam, likaingia katika mkongo wa baharini, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Nuru hupita katika nyuzi za kioo za mkongo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Basi kilomita 10,000 za kwenda na 10,000 za kurudi huhitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaonekana ni kitu kidogo, lakini kufungua ukurasa mmoja huhitaji maswali na majibu mengi, na kila swali lina safari yake.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Kesho yake mwalimu mmoja mstaafu wa Kisarawe alinipigia simu. Mkewe amelazwa hospitali, naye anataka mkopo wa dharura, lakini hesabu zake hazionekani. Akaniambia, “Mwanangu, fedha ni zangu. Mimi nipo hapa, na wewe upo hapo Kibaha. Huyo aliyezizuia katikati ni nani?” Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tulifukua madaftari ya zamani, na jioni akapata mkopo wake. Lakini tangu siku hiyo tulikata shauri kuzirudisha hesabu zetu nyumbani.

Tulinunua kompyuta yetu wenyewe. Je, tuiweke wapi? Ofisini kuna joto, vumbi na mijusi, na umeme ukikatika kazi husimama. Tukaona ni heri kupanga nafasi Dar es Salaam, katika jengo lililojengwa kwa kazi hiyo. Mkulima wa korosho wa wilaya zetu hafahamu mambo haya kwa shida, kwa maana yeye hajengi ghala lake peke yake. Hupeleka magunia katika ghala la ushirika, nayo magunia hubaki mali yake mpaka yauzwe. Ndivyo ilivyo hapa. Kompyuta ni yetu, nasi hulipia nafasi katika kabati, umeme wenye betri na jenereta za akiba, ubaridi, na walinzi wasiomruhusu mtu kuingia bila kuandikishwa.

Yafaa niseme pia tulilojifunza kwa gharama. Hati ya malipo ya kwanza ilikuwa na mafungu matatu: nafasi, umeme, na waya utokao katika kabati letu kwenda katika kabati la kampuni ya intaneti, ndani ya jengo lile lile. Fungu hilo la tatu hatukulitazamia, nalo hulipwa kila mwezi. Atakaye kupanga na aulize kwanza, ndipo atie sahihi.

Hata hivyo, baada ya gharama zote hizo, wenzetu wa Kisarawe walilalamika kwamba ukurasa bado ni mzito. Nikafuatilia njia ya ujumbe hatua kwa hatua, nami nikastaajabu. Kampuni ya simu waliyoitumia na kampuni iliyounganisha kompyuta yetu hazikuwa zimekutana hapa nchini. Ujumbe ulitoka nje ya Tanzania, ukabadilishwa mikono huko, kisha ukarudi Dar es Salaam. Kompyuta ilikuwa karibu, lakini njia ilikuwa mbali.

Dawa ya ugonjwa huu ni kituo cha kubadilishana mawasiliano. Wanafunzi na wapige hesabu: makampuni 10 yakitaka kila moja liunganike na kila jingine kwa waya wake, zitahitajika nyaya 45. Lakini kila moja likileta waya mmoja tu mahali pamoja, nyaya 10 zatosha. Hapo kampuni hupokezana ujumbe wa wateja wao, kila moja ikibeba mzigo wake mpaka mlangoni.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Kituo chao cha Nairobi, KIXP, kilianza Novemba 2000, kikafungwa baada ya majuma machache kwa malalamiko ya shirika la simu la nchi hiyo, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba muda wa ujumbe wa ndani ulipungua kutoka sehemu 200 hadi 600 za elfu ya sekunde, ukawa sehemu 2 hadi 10 tu. Hapa kwetu, watoa huduma za intaneti, kwa chama chao kiitwacho TISPA, walianzisha kituo cha TIX Dar es Salaam mwaka 2004.

Basi tulihamia kwa kampuni iliyounganika na TIX, na iliyotuonyesha kwamba hupokezana ujumbe hapo na kampuni za simu za wanachama wetu. Sasa ukurasa hufunguka mara. Sisemi kwamba mikongo ya bahari haina kazi. Filamu na vitabu vya ng’ambo vitaendelea kuja kwa njia hiyo. Lakini hesabu za mwalimu wa Kisarawe hazina sababu ya kuvuka bahari.

Wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasi tumejifunza kuongeza neno: hata fimbo ya karibu haifai, ikiwa njia ya kuifikia yazunguka dunia. Kwa hiyo, ndugu wazazi na vijana, mkiambiwa kwamba mali yenu imehifadhiwa katika kompyuta, ulizeni maswali mawili: iko wapi, na njia ya kuifikia yapita wapi?