Pikipiki Inayonuka Chipsi

Huku Uingereza bado zipo Royal Enfield Taurus chache barabarani. Ni pikipiki ya dizeli iliyotengenezwa India miaka ya 1990: fremu ya Bullet, injini ya Greaves Lombardini ya cc 325, nguvu ya farasi 6.5. Ukiikamua sana itafika kilomita 65 kwa saa, lakini lita moja inaikokota zaidi ya kilomita 70. Wenye nazo hupenda kuuliza: kama Rudolf Diesel mwenyewe, mvumbuzi wa injini hii, alitumia mafuta ya karanga, kwa nini nisimimine mafuta ya kupikia kwenye tangi nikaondoka?

Kisa cha karanga ni cha kweli, ila husimuliwa nusu. Kwenye Maonyesho ya Paris ya 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta hayo kwa sababu serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, yenye karanga tele, yangeweza kujitosheleza kwa nishati. Injini yenyewe, Diesel alieleza mwaka 1912, ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya madini.

Kinachokwamisha ni uzito, yaani mnato. Mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli. Nozeli inayopaswa kupuliza ukungu hutema matone, na matone hayaungui yakaisha. Masalia huganda kuwa kaa kwenye ncha ya nozeli. Mengine hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili, ambayo mwishowe huwa nzito kama lami.

Wenye magari ya zamani hulikwepa hilo kwa kufunga tangi la pili na kupasha mafuta kwa maji ya moto ya rejeta. Taurus hupozwa kwa hewa. Rejeta haina, na wakati wa baridi ya Januari mafuta huzidi kuwa mazito.

Njia ya kutokea ilipatikana Ubelgiji. Mwaka 1937 Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kubadilisha mafuta badala ya injini. Ubelgiji ilikuwa na mawese tele kutoka Kongo, yaliyokamuliwa kwa jasho la Wakongo. Chavanne aliyachanganya na alkoholi, glisarini ikajitenga, yakabaki mafuta mepesi. Mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Leuven lilitembea kwa mafuta hayo. Hiyo ndiyo biodizeli, ingawa jina lilikuja baadaye.

Leo watu huitengeneza kwa mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi, methanoli na kostiki soda. Kazi hii si ya jikoni: methanoli ni sumu inayoweza kupofusha, na mvuke wake hushika moto upesi. Sheria ya Uingereza inaruhusu mtu kutengeneza au kutumia hadi lita 2,500 kwa mwaka bila ushuru wa mafuta, mradi atunze kumbukumbu.

Kwa Taurus, anza na mipira. Biodizeli hulainisha mipira ya kale, hivyo weka paipu na sili za mpira sugu wa Viton. Kisha nunua filta ya akiba, maana biodizeli huosha uchafu wa miaka mingi tangini na kuusukumia kwenye filta. Wakati wa baridi changanya na dizeli ya kawaida, la sivyo itaganda. Nguvu nayo itapungua kidogo.

Ndugu zangu wa bodaboda, injini zenu ni za petroli, haya hayawahusu. Nyumbani anayehusika ni mwenye mashine ya kusaga ya dizeli, na yeye pia apige hesabu kwanza: mafuta mapya ya kula kwa kawaida ni ghali kuliko dizeli. Faida iko kwenye yale ambayo muuza chipsi alikuwa ayamwage.