Hesabu ya Misafara ya Tabora

Shirika lolote la biashara halina budi kuamua sehemu gani ya mali yake itumike katika kazi ya leo, na sehemu gani ijenge uwezo wa kesho. Mfano ulio karibu nasi ni misafara ya karne ya 19 iliyopitia Tabora, ambako Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakati makazi ya wafanyabiashara yakiitwa Kaze.

Katika sehemu nyingi za njia mbung'o waliwaua punda na ng'ombe, kwa hiyo bidhaa zilibebwa na binadamu. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Hapo ndipo ilipo hesabu yenyewe: kila mzigo wa baruti ulioongezwa ulipunguza mzigo mmoja wa vitambaa, na vitambaa ndivyo vilivyonunua chakula, vikalipa hongo na kuleta pembe za ndovu. Tena mali nyingi ilikuwa ya mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan.

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo, ambaye mapato yake aliyageuza kuwa bunduki na askari rugaruga, aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wengi wa Tabora waliimaliza mali yao katika kupigana naye ili mambo yarudi kama zamani. Tippu Tip alichagua vingine. Baba yake alikuwa amemwoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ujamaa wa namna hiyo ulikuwa rasilimali sawa na vitambaa. Yeye alizunguka kusini mwa Ziwa Tanganyika, akajenga makao Kasongo, na baadaye akapatana na Mirambo. Tusisahau kwamba uwezo huo ulijengwa pia kwa kukamata watumwa. Gharama hiyo waliilipa watu wasiokuwamo katika hesabu.

Kwa maoni yangu, waliogawa rasilimali zao kwa busara zaidi ni Wanyamwezi wapagazi. Wengi walisafiri kiangazi, wakarudi kulima mvua zilipoanza. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, behewa lilichukua kazi ya mabega; lakini mashamba yalikuwapo, na wengi wao walikwisha kufanya kazi ya ujira katika ujenzi wa reli hiyo hiyo.