Visiki Katika Mti wa Programu

Katika miteremko ya Mlima Meru, mkulima mwangalifu akishakata mkungu wa ndizi haachi kisiki cha mgomba kisimame. Hukikatakata vipande ili vikauke upesi, kwa maana fukusi wa migomba hutaga na kuzaliana katika masalia hayo, kisha huyahamia machipukizi. Kompyuta nazo zina visiki vyake.

Programu huria mara nyingi hupangwa kama mti. Shina ni saraka kuu, matawi ni aina za programu, na kila jani ni saraka ya programu moja, yenye maelezo ya namna ya kuijenga. Mfumo wa FreeBSD, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993, una mti wenye majani zaidi ya 30,000. Watunzaji wake huongeza programu mpya, huhamisha nyingine, na huondoa zile zilizokosa mwangalizi.

Kwa nini basi masalia hubaki? Chombo cha kusasisha mti hufuta yale tu kinayoyafahamu. Zamani mti huo ulitunzwa kwa CVS, ambayo haikuondoa saraka tupu mpaka iamriwe. Tangu mwaka 2021 hutunzwa kwa Git, ambayo huorodhesha mafaili, wala si saraka. Mwanafunzi akijenga programu, mafaili ya kazi huzaliwa ndani ya saraka yake, lakini hayamo katika orodha. Programu ikiondolewa baadaye, Git haiyagusi. Jani limekwenda, kikonyo kimebaki.

Masalia hayo hula nafasi ya diski, jambo zito kwa shule yenye kompyuta chache na kuukuu. Aidha, huweza kumfanya mwanafunzi atumie programu ya zamani yenye kasoro za usalama ambazo hazirekebishwi tena.

Hata hivyo, kusafisha kwa pupa ni hatari zaidi. Mwanafunzi wa Arusha au Tengeru aliyehifadhi kazi yake ya muhula ndani ya mti huo ajue kwamba Git haiifahamu kazi hiyo pia. Mbele ya Git, takataka na jasho la mwanafunzi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo hapana budi kufuata utaratibu. Kwanza, nakili kazi zote mahali pengine. Pili, toa amri git clean -ndx, ambayo hutaja vitakavyofutwa pasipo kufuta chochote. Tatu, soma orodha hiyo jina kwa jina. Ndipo herufi n ibadilishwe kuwa f, na ufutaji ufanyike.

Zoezi: Tengeneza saraka mbili, moja tupu, nyingine yenye faili moja. Jaribu kuziondoa kwa amri rmdir. Ya kwanza itaondoka. Ya pili itakataa. Kisha jadilini darasani: kwa nini amri inayokataa ni rafiki wa msafishaji kuliko rm -r, ambayo hufagia vyote vilivyomo?